Upande wa Irembo

Makere,
Kasulu, Kigoma.
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Ndayikunda,

Mwakeye? Nakuanza na Kiha makusudi, maana juzi kwenye simu nilikusikia unavuta maneno kama watu wa huko Newala, nikasema huyu ametuhama kabisa. Hujambo lakini? Shemeji Abdulrahmani kifua kimemwachia, au bado anakohoa na hospitali hataki? Mwajabu ameanza shule? Twalibu mwambie mjomba wake anamsalimu, na ile picha yake ya jezi niliiona. Jezi imemzidi kimo, ila uso ni wa kwetu.

Sisi huku wazima. Mvua inanyesha vizuri, hata kupita kiasi. Barabara ya kwenda Kasulu mjini imekuwa tope tupu na bodaboda wanajipangia nauli wanavyotaka. Mahindi yamebeba. Habari za maharage nitakuambia baadaye. Benita hajambo. Binti yetu Therese yuko bwenini kule Kibondo, na tunaambiwa anasoma.

Mimi nipo. Uliponiuliza, "Kaka, unajisikiaje?" nilinyamaza mpaka ukadhani mtandao umekatika, ukawa unaita haloo, haloo. Mtandao ulikuwepo. Ndayi, mwilini sisikii kitu. Si umewahi kukalia mguu mpaka ukafa ganzi, ukaugusa ukawa kama wa mtu mwingine? Ndivyo nilivyo, mwili mzima. Nakula, naoga, nakwenda shule, nasahihisha madaftari, narudi. Watu wananipa pole, nasema asante.

Ukaniambia kama kusema kumenishinda, niandike. Basi naandika. Badru, yule mwenye duka hapa senta, anakwenda Dar es Salaam kufuata mzigo, na ameahidi kuikabidhi barua hii kwenye basi la kusini. Ukiipata ikiwa inanuka mafuta ya taa ujue ni dukani kwake.

Nianze na yale unayoyajua, maana mimi ni mwalimu, sirukii hatua. Mwanangu Reverien alimaliza kidato cha nne, kazi hakupata, akafuata wenzake kwenye machimbo ya dhahabu ya porini. Mvua za Desemba zikaangusha shimo. Wenzake walichimba kumtafuta mpaka maji yakawazidi, wakaacha. Walituletea begi lake na viatu. Mmoja anaapa alimwona Reve akishuka. Mwingine anaapa kwamba asubuhi ile Reve alimuaga, anakwenda kujaribu machimbo mengine, na aliyeshuka ni mtu mwenye koti kama lake. Simu yake haipatikani. Kwa hiyo mtu hatuna, na maiti hatuna.

Baba mdogo Felisiani anataka tuzike mgomba. Si unajua walivyomzika babu yule aliyepotelea ziwani: wakakata mgomba wa kimo chake, wakauvisha shuka, wakaulaza kaburini, watu wakalia, matanga yakakaliwa, yakaondolewa. Na kwa desturi ya ukoo udongo wa kwanza ni wa shangazi, yaani wewe. Ndiyo maana ukaniuliza, "Tufanyeje, kaka? Nije?" Benita anataka tuzike. Mzee Felisiani anataka tuzike. Aliyekataa ni mimi. Niliwaambia nimefundisha Hisabati umri wangu wote, na mwanafunzi akiniletea jibu bila kuonesha njia simpi alama. Nioneshwe njia. Mzee alinitazama tu, akajifanya anatafuta fimbo yake.

Sasa nikupe ya shuleni. Usidhani nakwepa. Nitarudi.

Wiki iliyopita tulifika mada ya pembenyingi Darasa la Nne. Vitabu vingine vinasema poligoni, lakini mimi nikisema hivyo watoto wanacheka, wanadhani ni jina la dawa ya ng'ombe. Kitabu kinataka uanze na duara, uwaoneshe kwamba halina pande wala kona, kwa hiyo halimo kwenye ukoo huu. Duara nililiruka. Wachimbaji huliita shimo lao duara, na sikutaka kusimama mbele ya watoto nikilichora ubaoni. Nilianza moja kwa moja na pande.

Nikawaeleza kwamba pembenyingi ni umbo lenye pande zilizonyooka, zilizoshikana mpaka mwisho ukarudi mwanzoni, lisiwe na uwazi hata kidogo. Pembetatu, pembenne, pembetano, pembesita. Wakaimba baada yangu. Kuimba wanajua sana. Wewe pia ulikuwa unaimba hivyo hivyo, halafu ukiambiwa chora mraba unatoka kiazi.

Mwalimu mkuu wetu kila kikao anatuambia tuanze na mazingira ya mtoto. Haya, nikaanza na mazingira. Nikasema kila mtu achore ua wa kwao, vile ulivyo, minyaa inapopita, kona zilipo, halafu ahesabu pande. Nilijiona nimepatia kweli.

Nikapita na kalamu nyekundu. Daftari la kwanza umbo halijafungwa, limeachwa wazi upande mmoja. Nikapiga mkasi, alama ya kukosa. La pili wazi, mkasi. La tatu wazi. Dawati zima, mstari mzima, darasa zima, mikasi mitupu. Nikawaka. Nikawauliza mmelogwa? Si nimesema sasa hivi umbo lifungwe? Si mmeimba?

Mmoja wa mbele, anayependa kujibu hata asipoulizwa, akasema, "Mwalimu, hapo ni irembo."

"Irembo?"

"Ee. Tukifunga tutapita wapi?"

Mwingine nyuma akadakia, "Na aliyetoka ataingilia wapi?"

Basi darasa likafunguka, kila mmoja anaeleza irembo la kwao linatazama wapi. Mmoja akasema bibi yake, aliyekuwa amebaki peke yake kwenye ua wake, alipokufa irembo liliwekewa miba na wao hawakupita tena pale. Unaikumbuka ile nyumba njiani kuelekea kisimani, iliyozibwa miba, tulivyokuwa tunakimbia tukifika pale? Ulikuwa unanishika shati. Tumekua tukijua hivyo: ua wenye watu una uwazi. Ukikuta umezibwa, wenyewe wamekwisha. Na mimi, Muha wa Makere, nimesimama mbele yao nawapiga mikasi kwa sababu wameacha njia.

Ningeweza kuwaambia mko sawa. Lakini ile "aliyetoka ataingilia wapi" ilikuwa imenikaa masikioni, na kalamu naiona mkononi lakini siisikii. Nikawaambia tokeni, mapumziko. Saa ya mapumziko ilikuwa bado. Mwalimu mkuu akachungulia dirishani, akaniona, akaenda zake. Siku hizi hawanisemi. Ningependa wanisemeshe.

Kesho yake niliwatoa nje na mabua ya mahindi ya mwaka jana. Nikawagawa makundi, kila kundi lipange pembetano chini kwenye udongo. Niliwaambia wazi: leo sio ua, leo ni mabua. Wapi. Kila kundi likapanga mabua manne na kuacha nafasi ya la tano. Nikiwatazama wananitazama, kama mbuzi waliokataa kuvuka maji.

Ila kundi moja lina Asmahani, binti wa huyu huyu Badru ninayempa barua. Wamehamia hapa kutoka Kasulu mjini mwaka jana, mambo ya irembo hajui. Ana mdomo, na sauti ya baba yake ya dukani. Akachukua bua, akaliweka palepale kwenye uwazi, paa. Wenzake wakamvaa.

"We Asmahani, umefungia watu nje!"

"Sijafungia mtu. Nimefunga geti. Kwani kwenu mbuzi hawatoki?"

"Geti siyo upande!"

"Likiwa wazi siyo upande. Likifungwa ni upande. Haya pita basi, tukuone."

Aliyekuwa anabisha akaruka bua kwa mguu mmoja. Asmahani akampigia kelele, "Umeruka! Kuruka siyo kupita!" Kisha akalivuta bua pembeni. "Haya, sasa pita." Yule akapita kwa maringo. Akalirudisha. "Sasa hesabu pande." Wakahesabu. Tano. Wakaanza wote kuvuta na kurudisha mabua, kupita na kuzuiana, vurugu tupu, udongo mwekundu mpaka kwenye nywele.

Usije ukadhani mtoto alikuwa ananifundisha mimi. Alikuwa anataka kushinda ubishi, kama baba yake kwenye bei ya sukari. Lakini nilicheka. Au tuseme mdomo wangu ulicheka, na mimi nikasikia sauti.

Niliwarudisha ndani, nikawaambia wafungue yale madaftari ya jana, kila mmoja achore fito pale irembo, zile tunazopitisha jioni kulifunga. Wakachora. Mmoja alichora fito na mbuzi kichwa kikiwa kimekwama katikati. Nikasema irembo lenye fito ni upande, lihesabiwe. Nikapita tena na kalamu nyekundu, nikaweka vema juu ya mikasi yangu mwenyewe. Madaftari yamekuwa machafu, mkaguzi akija atasema huyu mwalimu ni mlevi.

Sasa narudi nyumbani, kama nilivyosema.

Irembo letu hulijui lilivyo sasa. Reve alilitengeneza upya kabla hajaondoka. Nguzo mbili za mkaratusi, akazitoboa matundu kwa patasi, na fito akazichonga mwenyewe zipite ndani ya matundu zisichezecheze. Alikuwa na mkono mzuri yule mtoto, wa babu. Nilimwambia matundu hayalingani. Akacheka, akasema, "Baba, wewe kila kitu unapima." Yalikuwa yanalingana.

Tangu Desemba nilikataza mtu kupitisha fito. Usiku na mchana irembo wazi. Sikutoa sababu, na hakuna aliyeniuliza. Mbuzi wa jirani wakazoea, wakawa wanaingia kama kwao, wakamaliza maharage yote. Hiyo ndiyo habari ya maharage. Benita akaniambia, "Pasikali, funga basi, tutakula nini?" Nikasema acha. Akaacha.

Nikuambie kitu kuhusu wifi yako. Hajalia. Watu wanamshangaa, wengine wanamsema, mama gani huyu. Lakini atalia vipi? Huku mtu aliye safarini humlilii, unamwitia balaa. Na mumewe anasema mtoto yuko safarini, na irembo ameliacha wazi kumsubiri. Basi mama wa watu amekaa na machozi yake kama mwanafunzi aliyenyoosha mkono, mwalimu hamwoni. Hilo mimi sikuliona. Nilikuwa namwona anatwanga, anapika, nikadhani yeye ana nguvu kuliko mimi.

Jioni ya siku ile ya mabua nilirudi nikawakuta mbuzi wamehamia kwenye mihogo. Nikawafukuza. Fito zilikuwa kwenye majani hapo chini, zimelowa. Nikaziokota nikaanza kuzipitisha. Ya juu ikaingia. Ya kati ikaingia. Ya chini ilikuwa imevimba kwa mvua, ikagoma, nikatafuta jiwe nikaigonga.

Benita akasikia kishindo akatoka jikoni na mikono ina unga wa muhogo. Akaangalia irembo. Akaniangalia.

Nikasema, "Nafunga mbuzi."

Akasema, "Mbuzi tu?"

Jiwe lilikuwa mkononi. Nikamwambia, "Nitamwandikia shangazi yake."

Hakuuliza nitaandika nini, anajua udongo wa kwanza ni wa nani. Alikaa palepale kwenye tope na nguo yake ya kushindia, akaanza kulia. Ndayi, sijawahi kusikia kilio kama kile, na nyumba za msiba nimeingia nyingi. Majirani wakaja mbio, wakasimama nje ya fito wakidhani tumevamiwa. Halafu mmoja akazivuta, wakaingia wanawake, wakamzunguka, wakalia naye, wakamtaja Reve kwa jina. Jina lilikuwa halijatajwa kwenye ua ule tangu begi lilipoletwa. Aliyeingia mwisho akarudisha fito nyuma yake, kwa mazoea tu, kama anavyofanya kwake.

Mimi sikulia. Nilisimama pale pale na jiwe langu. Nilijua natakiwa nifanye kitu na sikujua ni kitu gani. Lakini asubuhi kidole gumba kilikuwa kinaniuma, kimeingia damu chini ya ukucha. Kumbe nilikigonga wakati nagonga ufito, na nisisikie. Kinauma mpaka sasa hivi ninavyoandika. Nafurahi kwamba kinauma.

Nikaenda kwa baba mdogo Felisiani. Nikamuuliza lile swali nililokuwa nalo tangu Desemba, ambalo kwa aibu nilikuwa nimelificha nyuma ya Hisabati: tukizika mgomba, halafu siku moja mtoto akarudi? Mzee akanikasirikia kweli. Akasema, "Akirudi tunafukua mgomba wetu tunautupa, tunachinja mbuzi, tunakula. Kwani nani amekwambia tunamwaga zege?" Alikuwa anajibu huku anajipapasa kutafuta ugoro. Ilikuwa inajulikana na wote isipokuwa mimi.

Katekista amesema atakuja kutuombea, ila mgomba hataubariki. Mzee amesema sawa, kila mtu na kazi yake.

Basi jibu langu kwa swali lako ni hili: njoo. Tutazika mwanzoni mwa Aprili, Therese atakuwa amefunga shule. Yeye nitamwambia mimi mwenyewe, uso kwa uso, siyo mwalimu wake wala simu. Njia sijaoneshwa, na sidhani nitaoneshwa. Nimechoka kuwanyima watu alama. Udongo wa kwanza ni wako, na siku hiyo nitakuwa nimesimama karibu yako. Nikiwa bado na ganzi, nishike shati.

Ukija, mletee wifi yako korosho, anazipenda, na khanga yenye weusi. Kwangu usilete kitu. Shemeji Abdulrahmani kama kifua hakijapona abaki, safari ni ndefu na baridi ya huku anaijua. Watoto waache na bibi yao, ila Mwajabu ukiweza mlete acheze na dada yake Therese, nyumba imekuwa kubwa mno. Benita anakusalimu, na leo amenituma mwenyewe niandike hivyo. Baba mdogo Felisiani anauliza kama huko Newala mnapata ugoro wa maana. Mungu akusindikize, na ulale salama kila basi litakapolala.

Jambo moja tu, nisije nikasahau. Ukifika utakuta irembo limefungwa, fito zote zimepita. Usishtuke, ukadhani wenyewe wamekwisha. Usisimame nje kuita hodi. Vuta ya juu kwanza, halafu ya kati. Ya chini ni ngumu, inataka kuinuliwa kidogo kabla hujaivuta. Wewe nakueleza kwa sababu ni mgeni nazo. Reve hahitaji kuelezwa, alizichonga mwenyewe.

Wako akupendaye, hata anaponyamaza kwenye simu,

Kaka yako,
Pasikali